Saiba Langoni: brauza imehifadhi paswodi za wateja, nizifute vipi wazee wasikwame?

bintilangoni (Lamu)

Assalam aleikum ndugu zangu. Swali langu refu kidogo mnivumilie.

Nimechukua saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Langoni tangu mwezi wa tatu. Aliyekuwa nayo amehamia Mombasa, kaniuzia kila kitu kama kilivyo, kompyuta tano, printa mbili, mashine ya lamineti, hata viti. Juzi kaja mama mmoja mtu mzima ataka kufanyiwa ritani zake kabla tarehe 30 Juni haijafika, nikafungua ukurasa wa iTax wa kodi, ile nabonyeza tu kwenye kisanduku cha PIN, namba ya mlipakodi, orodha ikashuka mpaka chini ya skrini, PIN za watu moja juu ya nyingine, na yule mama amekaa ubavuni mwangu aziona zote. Akaniuliza "na hawa ni kina nani?" Nikakosa la kumjibu.

Jioni nilipofunga mlango nikaingia kwenye mipangilio ya Chrome, pale pa Kidhibiti cha Manenosiri. Kompyuta moja peke yake ina paswodi 412. Za eCitizen ya huduma za serikali, za iTax, za imeli, za Facebook, za HELB ya mikopo ya masomo za vijana walioko vyuo. Nikashuka nazo polepole, majina nayajua, majirani zangu, ustadhi aliyenisomesha chuoni nikiwa mdogo, na wawili ni marehemu Mungu awarehemu. Nikaangalia sehemu ya ukaguzi ikaniambia nyingi zimetumika zaidi ya mara moja, yaani inaonekana mtu akifunguliwa akaunti anapewa paswodi ileile aliyopewa wa jana, jina la mji na mwaka basi.

Sasa shida iko hapa. Ningekuwa nafuta tu ningefuta usiku uleule. Lakini wazee wakija husema "fungua ile yangu", hajui paswodi, hajawahi kuiona, yeye ajua kompyuta ile ya dirishani ndiyo inayomjua. Nikifuta leo, kesho mtu ataka cheti cha mtoto au leseni ya chombo chake, atapata wapi? Nimefikiria nizitoe zote kwenye faili moja nizichapishe, halafu kila mtu akija nimkatie mstari wake nimpe. Ni sawa hivo? Na nikishafuta zinafutika kweli ama kuna mahali zinabaki? Kompyuta ya tano iko Firefox, hiyo haijaniuliza kitu chochote kabla ya kunionyesha paswodi.

---

fundi_barani (Malindi)

Waaleikum salam dada. Kwanza usichapishe! Na hilo faili usilitoe kabisa. Ukibonyeza kuhamisha, Chrome inakutolea faili la CSV, na lile faili halina kufuli la aina yoyote, ni maandishi wazi, jina la tovuti, jina la mtu, paswodi, mstari kwa mstari, linalala kwenye Downloads na kila anayekaa kwenye kiti hicho analifungua. Karatasi nayo utaisahau kwenye printa mara moja tu, yatosha.

La pili, na hili ndo ningeanza nalo kabla ya kufuta hata moja, angalia juu kulia kwenye Chrome, kale kaduara. Kuna picha ama herufi ya mtu? Kama kuna akaunti ya Google imeingia hapo na usawazishaji (sync) umewashwa basi hizo 412 haziko Langoni peke yake, ziko kwenye akaunti ya huyo mtu, akishika simu yake popote alipo aziona zote. Mimi nilikuta hivo kwenye kazi moja huku kwetu, mwenye duka alikuwa amefuta kila kitu kwenye kompyuta baada ya kuizimia usawazishaji, akalala akijua mambo yameisha, kumbe kule kwenye akaunti hakuna kilichoguswa.

Kwa hiyo kwanza jua akaunti ni ya nani. Halafu uniambie.

---

mama_swabra (Malindi)

Mimi nina saiba mwaka wa tisa na ntasema tofauti na fundi, msinichukie. Mimi za wateja wangu nimeziacha zikae. Si kwa ubaya, wallahi. Nina bibi anatoka Mambrui kwa matatu kuja kwangu kwa sababu ajua akifika mambo yake yanafunguka, hasomi, hana simu ya kupokea zile namba za kuthibitisha, laini iliyosajiliwa ni ya mjukuu yuko Qatar. Leo nimfutie nimwambie nini, arudi Mambrui? Watu wa kompyuta huongea kana kwamba kila mtu ana simu mbili na imeli anaijua. Kwetu sisi saiba ndiyo ofisi ya mtu.

Bora uweke paswodi kali kwenye Windows, mfanyakazi awe mmoja unayemwamini, kompyuta ya hizo kazi iwe ya peke yake mteja asikae. Mimi nimeishi hivo.

---

mwl_hindi (Hindi, Lamu)

Mama Swabra nakuheshimu na shida ya huyo bibi ni ya kweli, hata mimi nafundisha kompyuta na mamangu mzazi yuko hivohivo. Lakini hebu niruhusu nieleze hizo paswodi zinakaaje, maana nikieleza utaona kwa nini "nimeziacha zikae" inanitisha.

Chrome kwenye Windows inaziweka kwenye faili moja dogo, linaitwa Login Data. Zimefungwa, ni kweli, lakini ufunguo wake umefungamana na ile akaunti ya Windows uliyoingia. Maana yake ni kwamba ukishaingia Windows, kufuli limeshafunguka. Kile kialama cha jicho cha kuonyesha paswodi, kinachouliza PIN ya Windows, kinamzuia mtu wa kupita tu, na kama Windows yenyewe haina paswodi hata huyo hakimzuii. Programu chafu ikiingia inafanya kazi kwa jina lako, haina haja ya jicho. Julai 2024 Chrome waliongeza kufuli jingine kwenye Windows haswa kwa ajili ya hizo programu za wizi, toleo la 127, wakianza na vidakuzi (cookies), limepunguza lakini halijamaliza. Na saiba ndiyo mahali pa kuingiza flashi za mji mzima, mtu katoka na flashi yake Mokowe, mwingine Faza, mwingine kapakua kwa rafiki programu iliyovunjwa leseni. Siku moja tu, na zote zinaondoka pamoja. Paswodi zaidi ya 400. Mfanyakazi mwaminifu haingii hapo, anaweza kuwa ni yeye aliyechomeka hiyo flashi akimsaidia mteja kwa moyo safi.

Firefox ndiyo hiyo uliyosema haikuuliza kitu. Hiyo inatumia mafaili mawili, logins.json ndiyo yenye paswodi na key4.db ndiyo yenye ufunguo, na yote mawili yako folda moja. Asiyeweka Paswodi Kuu (zamani wakiiita Master Password, wakabadilisha jina 2020) ni sawa na mtu amefunga kasha akaacha ufunguo juu ya kifuniko. Mtu akinakili hayo mawili akapeleka kwenye kompyuta yake, amezipata. Ukiweka Paswodi Kuu anahitaji kuijua hiyo kwanza. Kwa mtu binafsi nyumbani naipenda sana hiyo, napendekeza kila siku. Kwa saiba bado haitoshi kwa sababu ukishaiandika asubuhi inabaki wazi mpaka ufunge brauza.

Na zile nukta nyeusi kwenye kisanduku msizitegemee, ni pazia tu, paswodi ikishajijaza yenyewe kuna njia rahisi ya kuisoma na vijana wa kidato cha tatu wanaijua.

Jambo jingine, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ya hapa Kenya inasema taarifa za mtu zisikae kwako zaidi ya muda wa ile kazi aliyokupa. Kazi ilikuwa kumfanyia ritani. Ritani imekwisha. Hata bila sheria, kwetu hili lina jina lake, ni amana, na hii amana mwenyewe hajui kama kakuwekesha.

---

bintilangoni

Fundi, nimeangalia. Kuna akaunti kwenye kompyuta tatu kati ya tano, na si ya aliyeniuzia, ni ya kijana aliyekuwa mfanyakazi wake zamani. Moyo ulinidunda. Namba yake nikaipata kwa shangazi yake, yuko Watamu sasa afanya kazi hotelini. Nikampigia nikamwambia fungua simu yako nenda kwenye mipangilio ya Google mahali pa manenosiri. Akakaa kimya. Halafu akasema "dada, hapa kuna jina la mpaka kadhi wetu." Hakuwa anajua! Aliingia siku moja kuangalia imeli yake akabonyeza ndiyo kwa kila swali, miaka yote zinamfuata mfukoni, simu mbili kabadilisha na zote zimemfuata.

Twende vipi sasa, afute yeye ama nifute mimi?

---

fundi_barani

Alhamdulillah umempata na ni mtu muungwana. Usifute zote kwa pupa, za kwake mwenyewe zimo humo humo zimechanganyika, na usawazishaji ukiwa bado umewaka ukifuta huku zinafutika na kwake pia. Mwambie achague za kwake aziandike pembeni kwanza. Halafu fanyeni hivi mkiwa kwenye simu pamoja: wewe usimtoe kwenye kompyuta mpaka umemaliza na wateja, maana ukimtoa na ukakubali kusafisha kompyuta huna tena cha kuwarudishia. Ila mwambie abadilishe paswodi ya Google yake leo leo na awashe uthibitisho wa hatua mbili, ili angalau asiingie mwingine kupitia kwake.

Wakati huohuo zima kwenye kila kompyuta lile swali la "ungependa kuhifadhi nenosiri". Na mlango wa kazi mpya uwe dirisha la Mgeni. Kwenye ile ikoni ya Chrome hapo mezani bonyeza kulia, ingia sifa zake, kwenye mstari wa Target mwisho kabisa acha nafasi uandike --guest, basi kila anayeibonyeza anafunguliwa dirisha la Mgeni, akilifunga historia na kuingia kwake kote kunafutika. Faili alizopakua tu ndo hubaki, kwa hiyo Downloads ifutwe kila jioni, huko ndo kumejaa vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa.

Na ile orodha ya PIN iliyoshuka mbele ya yule mama huenda si paswodi, ni kumbukumbu ya fomu, yale Chrome hujaza yenyewe, inafutwa mahali pake. Ukifuta paswodi peke yake orodha itashuka tena na utadhani hujafanya kitu.

---

mwana_wa_nahodha (Matondoni)

Nimesoma yote nikatetemeka kidogo kwa sababu babangu ni mteja wa hapo Langoni, kwa maelezo ni saiba hiyohiyo. Dada nakuomba kitu kimoja, usianze na eCitizen wala iTax, anza na imeli ya mtu. Babangu imeli alifunguliwa hapo, paswodi hajui, na namba ya kurejesha akaunti nilipokwenda kuangalia si yake wala si yangu. Sasa hata akibadilisha paswodi ya eCitizen, mwenye imeli anaweza kuomba nyingine na ikamjia yeye. Imeli kwanza, na namba ya simu iliyo ndani yake iwe ya mwenyewe ama ya mtoto wake.

Na daftari si aibu. Mzee hana haja ya apu ya kutunza paswodi. Mwizi wa mtandaoni hafiki Matondoni kufungua kasha la mzee.

---

mwl_hindi

Kweli kabisa hilo la imeli, nilipaswa kulisema mimi. Na ukishabadilisha paswodi angalia pia vifaa vilivyoingia, kwa Google iko sehemu ya usalama, vifaa vyako, utoe kila usichokijua. Kufuta paswodi kwenye brauza hakumtoi mtu aliyekwisha ingia.

Daftari naunga mkono kwa mzee wa nyumbani. Paswodi iwe maneno manne marefu yasiyohusiana, usihangaike na alama za ajabu zaidi ya ile moja wanayoilazimisha.

---

mama_swabra

Nimelala nalo. Hilo la kijana wa Watamu limeniingia, kwa sababu mimi nimebadilisha wafanyakazi wanne kwa miaka tisa na sijawahi kuangalia hako kaduara juu kulia. Leo nimeangalia. Kompyuta moja ina mtu. Bintilangoni ukimaliza tuambie ulifanyaje na wazee, hasa wasiosoma, mimi huyo bibi wa Mambrui bado sina jawabu lake.

---

bintilangoni

Wiki tatu zimepita, narudi kama nilivyoombwa.

Nilichukua kompyuta ya dirishani nikaitoa intaneti ya wateja, ikawa ni yangu peke yangu. Nikapita msikitini na kwa akina mama wa vikundi nikaomba watangaziwe kwamba kila aliyefunguliwa akaunti kwangu aje na simu yake achukue kilicho chake, bila malipo. Wa kwanza wakaja wengi kuliko nilivyofikiria mpaka nikawapangia, baada ya alasiri wazee tu.

Mmoja nitamweleza kwa sababu alinifundisha. Nahodha, mtu wa miaka sabini na kitu. Nilipomwonyesha jina lake kwenye skrini akasema "miaka yote hii yangu yakaa kwenu?" Hakukasirika, aliuliza tu, lakini niliona haya. Tukaanza na imeli kama alivyosema mwana wa nahodha, tukaweka namba yake mwenyewe, ile namba ya kuthibitisha ikamlilia mfukoni akaisoma kwa sauti. Halafu nikamwambia achague maneno manne mimi nigeuke. Akatoa daftari lake, akaandika. Kaandika kwa khati za Kiarabu, Kiswahili chenyewe lakini kwa herufi za Kiarabu, ndivyo alivyosoma yeye, za Kizungu azijua moja moja tu.

Nikasema sawa, tukaweka. Siku ya pili nikamwita ajaribu mwenyewe kutoka kwenye daftari, ikakataa. Mara tatu. Akaniomba mwenyewe nitazame, nikaona tatizo: kwa yale maandishi yake *e* na *i* zaandikwa kwa alama moja, *o* na *u* vilevile, yeye akisoma ajua neno lakini akitafuta herufi kwenye kibodi anachagua hii leo, kesho ile. Na herufi kubwa kule hakuna kabisa. Basi tukabadilisha, nikamwambia chagua maneno yenye *a* tupu, ndani ya chombo yako mengi, na herufi kubwa iwe ya kwanza kila mara, tarakimu aandike mwisho. Nikageuka nikatazama ukutani. Kidole kimoja, taratibu, natega sikio tu kibodi inalia, kimya, inalia. Ikafunguka. Akafunga daftari akalitia ndani ya kanzu, akaniuliza kama kuna jingine la kufungua.

Mama Swabra, kwa wasiosoma hii ndiyo njia niliyopata: aje na mtu wake, mtoto au mjukuu wa kweli, namba ya simu ibadilishwe iwe ya huyo aliye karibu si wa ughaibuni, na karatasi akae nayo huyo. Ya mjukuu wa Qatar mpigie kwa video siku bibi yupo, akusomee ile namba ya kuthibitisha mara moja tu, mbadilishe laini siku hiyohiyo, asihitajike tena. Mimi nimefanya hivo kwa bibi wa Shela, mwanawe alikuwa Jeddah, dakika kumi.

Za marehemu wawili sikufungua, nimewaambia watu wao waende Huduma Centre na vyeti, nikazifuta.

Kijana wa Watamu alikuja mwenyewe na boti siku yake ya mapumziko. Tukakaa tukafuta kwake na kwangu pamoja, kisha tukaondoa profaili nzima ya Chrome kwenye zile tatu tukaanza upya. Zimebaki 37 kwenye ile ya dirishani, watu wako Pate na Kiunga, nimewapelekea salamu, wengine wamesema watakuja baada ya kusi kupungua.

---

mama_swabra

Ya *a* tupu nimeiandika. Bibi wa Mambrui anakuja Jumamosi, mjukuu nimeshampigia.